Shimo Lina Mwenyewe

Kanisani kwetu Kasikeu, kaunti ya Makueni, ushuhuda hutolewa kabla ya sadaka. Mwenye jambo husimama, hutaja jina lake, husalimu, kisha hueleza Mungu alivyomtendea. Jumapili ya tarehe 1 Desemba 2024 nilisimama mimi. Mkono wa kushoto ulikuwa na bendeji, goti limevimba, na pikipiki yangu imelala kwa fundi bila gurudumu la mbele. Nilishukuru kwamba mimi na abiria wangu tulitoka tukiwa hai. Nikamalizia kwa kusema kuwa ajali ile ilikuwa jaribu langu na nimelipokea. Watu wakaitikia amina, nikaketi.

Shukrani za siku ile sizifuti. Uhai ni wa Mungu. Ila kuna sehemu ya ushuhuda ule niliyoisema kwa kutojua, na kutojua huko kulinigharimu mwaka mzima. Ndiyo sababu natoa huu wa pili.

Mimi ni mwanabodaboda. Steji yetu iko hapa sokoni, na safari zetu nyingi ni za kwenda na kurudi Sultan Hamud, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, uliopewa jina la sultani wa Zanzibar enzi za ujenzi wa reli. Mtu wa Kasikeu mwenye mgonjwa, mwenye mzigo, au mwenye mtoto wa kupeleka shule ya bweni, huja kwetu kwanza. Barabara niliyoangukia sitaitaja, wala ofisi inayoimiliki. Sitaki kumwanika mtu. Nataka msomaji asipotee njia niliyopotea mimi.

Lile shimo nililijua. Nililiona likizaliwa. Baada ya mvua za Aprili na Mei 2024, zile zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi, palikuwa na ufa tu, kama mstari wa kalamu juu ya lami. Mwezi wa sita ufa ukawa kisahani. Mwezi wa nane kisahani kikawa sufuria. Kufikia Oktoba lilikuwa karai, na kila mmoja wa steji yetu alijua kwamba ukiupita mgunga mkubwa unajivuta kulia. Tulilikwepa kwa mazoea, jinsi mtu anavyoikwepa meza gizani nyumbani kwake. Hata mmoja wetu hakuwahi kufikiria kumwandikia mtu barua.

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba nilimbeba mama mmoja mzee aliyekuwa akienda kliniki, na kikapu cha maembe ya kumpelekea binti yake. Sikubeba mshikaki, alikuwa yeye peke yake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mvua yetu Wakamba ya kutegemea, ile ya Oktoba hadi Desemba inayoamua kama kutakuwa na pojo ghalani. Nilipoupita mgunga nilijivuta kulia kama kawaida, nikakutana uso kwa uso na lori la mchanga. Nikarudi kushoto. Maji yalikuwa yamejaa shimo hadi usawa wa lami, yametulia, yanaonyesha mawingu. Nikaingia.

Nilisikia rimu ikilia kama sufuria iliyoangushwa sakafuni. Usukani ukanitoka mikononi. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye mtaro, na maembe yalikuwa yakiviringika barabarani, mengine yakipondwa na gari lililokuwa nyuma yetu. Mama mzee alikuwa ameketi kwenye nyasi, kitambaa kimemtoka kichwani, kiwiko kinatoka damu. Kabla sijasema neno aliniuliza yeye: "Mwanangu, umevunjika?" Nikamjibu, "Hapana, mwaitu," yaani mama kwa Kikamba. Akanyoosha mkono akaniondolea tope usoni. Mkono ule ninaukumbuka kuliko maumivu.

Hasara niliihesabu baadaye. Rimu shilingi 3,200. Foku za mbele 6,500. Tairi na tyubu 3,400. Taa na usukani 2,300. Ufundi 1,500. Zahanati, mimi na mama, 1,400. Siku tisa nilikaa bila kazi, na siku yangu moja huniachia shilingi 900 baada ya petroli, kwa hiyo hapo ni 8,100. Jumla 26,400. Bima yangu ni ile ya kumlinda mtu mwingine nikimgonga, kama wengi wetu tulivyo nayo. Chuma changu haikigusi. Nilikopa kwenye chama ili nilipe, nikaenda kanisani kushukuru.

Baada ya ibada mzee mmoja alinishika bega nje, chini ya mwarubaini. Sisi humwita Mzee wa Barabara, na mimi nilidhani ni jina la utani tu.

"Kijana wangu, umesema vizuri," akaniambia. "Mungu amekuokoa. Lakini hebu niambie, lile shimo lilichimbwa na nani?"

"Mvua, mzee."

"Mvua hainyeshi juu ya lami yenye mtaro mzima ikatoboa shimo. Keti."

Nikaketi, naye akanifundisha jambo ambalo miaka saba ya kuendesha haikunifundisha. Lami ni kama ngozi, akasema; kazi yake ni kuzuia maji yasiingie mwilini. Uzito wa gari unabebwa na changarawe na mawe yaliyoshindiliwa chini yake. Ngozi ikipasuka, maji huingia, changarawe hulowa na kulainika. Kila tairi likipita husukuma yale maji, nayo huchota udongo laini kidogo kidogo, hadi lami inabaki imening'inia juu ya uwazi. Siku moja lori la mchanga linapita, inabomoka. Na maji yanakaa pale kwa sababu mtaro wa kando umejaa mchanga na majani, hayana pa kwenda. "Ufa ule," akasema, "mtu mmoja mwenye ndoo ya lami na kokoto angeuziba asubuhi moja. Mtaro ule, mtu mmoja mwenye sepeto angeuzibua kwa siku mbili. Mungu hakuchimba hilo shimo. Ameachiwa tu alaumiwe."

Aliyajua haya kwa mikono yake. Mwaka 1974 serikali ilianza mradi wa barabara za mashambani, barabara za udongo na changarawe zilizotengenezwa kwa jembe, sururu na toroli badala ya matingatinga. Zikishatengenezwa, waliokaa kandokando yake waliajiriwa kuzitunza. Kila mmoja alipewa kipande chake, kilomita moja na nusu au mbili hivi, jirani na kwake, akalipwa kwa siku kadhaa za kazi kila mwezi. Mzee alikuwa na kipande katika miaka ya themanini, wakati sehemu hizi zingali wilaya ya Machakos, kabla Makueni haijakatwa mwaka 1992. Alifyeka nyasi, akazibua mitaro, akajaza mashimo yangali saizi ya kiganja. "Mtu akikwama kwenye kipande changu," akasema, "alikuja nyumbani kwangu kunitukana. Alijua mlango. Leo wewe umeanguka, umeenda mlango wa nani?"

Sikuwa na jibu. Umri wangu wote nilikuwa nikisema "barabara ya serikali" kwa maana ileile ya kusema "mvua" au "jua".

Kesho yake, Jumatatu, tulienda wote wawili. Nilibeba simu na mkebe wa gorogoro, ule tunaopimia mahindi sokoni. Nilitaka utepe wa kupimia, lakini mzee alisema gorogoro kila Mkenya analijua, hakimu na karani pia. Tuliyachota maji yaliyokuwemo, tukausimamisha mkebe katikati ya shimo. Ukazama wote. Mdomo wake ukawa chini ya usawa wa lami. Nikapiga picha kutoka juu, nikapiga kutoka ubavuni nikiwa nimelala tumbo barabarani, nikapiga na mgunga ukionekana nyuma ili mtu asije kusema ni shimo la kwingine. Tukapima upana kwa hatua. Mzee akaniambia niandike tarehe na saa nyuma ya karatasi ya M-Pesa niliyokuwa nayo mfukoni. Nilifanya vizuri, kwa sababu wiki iliyofuata vijana walijaza shimo kwa udongo na kuanza kuomba wenye magari sarafu.

Nilikwenda polisi nikaandikisha ajali kitabuni, nikapewa namba ya OB. Kwa fundi palikuwa pagumu zaidi. Hajawahi kuandika risiti maishani mwake, na aliona ninamshuku. Nilimnunulia daftari la risiti la shilingi 100, tukakaa juu ya tairi kuukuu, nikamtajia na yeye akaandika kwa mkono uliojaa grisi: rimu moja, foku mbili. Alama ya kidole chake gumba imebaki kwenye karatasi ya kwanza hadi leo.

Hadi hapo nilifanya kila kitu sawasawa. Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akisome polepole.

Sikujua mwenye barabara. Nilidhani ni jambo dogo, kwamba barua ikifika ofisi yoyote ya barabara itapelekwa panapohusika. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iliunda mashirika matatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa barabara za mijini, na KeRRA kwa zile za mashambani. Kisha Katiba ya 2010, katika jedwali lake la nne, ikazipa serikali za kaunti barabara za kaunti. Kwa hiyo karibu kila kipande cha barabara ya umma nchini kina mwenyewe kati ya hawa. Lakini kibao cha kuonyesha mwenyewe huwekwa wakati wa ujenzi, na ujenzi ukiisha kibao hung'oka. Anayepita anaona lami tu.

Barua ya kwanza niliipeleka Januari 2025. Nikasubiri. Machi nilirudi, nikaambiwa kwa mdomo kwamba barabara ile si yao. Nikapeleka ofisi ya pili. Pale afisa mmoja mpole, aliyeniletea hata kiti, alitazama picha, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema barabara hiyo ilishahamishwa kwa wengine. Mei nikaenda kwa hao wengine. Waliipokea barua, wakasema watalifuatilia. Juni ikapita. Julai ikapita. Kila nikipiga simu niliambiwa mhusika yuko nje kikazi.

Sikuwa nimekaa bure miezi hiyo. Nilikuwa nikifanya kazi, na kila nilipotia petroli nilianza kuona jambo ambalo sikuwa nikiliona. Kuna tozo ya kutunza barabara ndani ya bei ya kila lita. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Mimi natia lita nne kwa siku. Hizo ni shilingi 100 za barabara kila siku ninayofanya kazi. Siku sita kwa wiki, wiki 52, ni shilingi 31,200 kwa mwaka. Madai yangu yote yalikuwa 26,400. Nilipoipiga hesabu hiyo, kwa kidole juu ya vumbi la tangi, kuna kitu kilibadilika ndani yangu ambacho hakijarudi kilivyokuwa. Nilikuwa nikienda kwenye zile ofisi kama mwombaji, kofia mkononi. Kuanzia siku hiyo nilikwenda kama mtu aliyelipa.

Binti wa dada yangu, aliye kidato cha nne, ndiye aliyenipa ufunguo. Walikuwa wamesoma Katiba darasani. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Tukaandika barua moja fupi, nakala tatu. Hatukuomba fidia. Tuliuliza swali moja: barabara hii, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, inatunzwa na nani? Ofisi ikinyamaza, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman, na hayo tuliyaandika mwishoni mwa barua kwa heshima.

Jibu la maandishi lilinifikia tarehe 6 Oktoba 2025. Mwenye barabara alikuwa ofisi ya pili. Ile ya afisa mpole.

Hapo nikafanya kosa ambalo ni langu mwenyewe, silipeleki kwa mtu. Nilijua sasa nahitaji wakili, na nikadhani wakili hataniangalia bila pesa nyingi mezani. Nikatumia wiki tatu na zaidi kuchanga. Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba nilimfikia wakili kijana mjini Wote, mtoto wa watu ninaowajua. Hakuniomba hata shilingi siku ile. Alinisikiliza, akapanga karatasi zangu mezani moja moja, akaisifu picha ya gorogoro. Aliniuliza kama nilikuwa na leseni, kama nilivaa helmeti, mwendo ulikuwa kiasi gani, kama nililijua shimo, maana mahakama hupima pia uzembe wa anayedai na kumpunguzia kwa kadiri yake. Nikamjibu kweli yote, hata kwamba nililijua. Kisha akauliza ilikuwa lini.

Akafungua kitabu kikubwa, akanisomea kifungu cha 67 cha Sheria ya Barabara, kisha akanieleza kwa maneno ya nyumbani. Ukitaka kulishitaki shirika la barabara kwa uzembe, kwanza umpelekee Mkurugenzi Mkuu wake ilani ya maandishi yenye maelezo ya madai yako na nia yako ya kwenda mahakamani. Kisha usubiri angalau mwezi mmoja. Ndipo ufungue kesi. Na kesi hiyo ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio.

Kulikuwa na kalenda ukutani. Alisimama na kalamu, akahesabu kutoka tarehe 31 Oktoba hadi tarehe 23 Novemba. Siku 23. Kisha akahesabu mwezi wa ilani, kalamu ikavuka tarehe 23, ikavuka 30, ikasimama tarehe 1 Desemba. Mwaka mmoja kamili tangu niliposimama kanisani kusema nimelipokea jaribu langu.

"Kaka," akasema, "umechelewa kwa wiki moja."

Alijaribu milango mingine. Kifungu hichohicho kina nafasi kwa madhara yanayoendelea, lakini kuanguka kwangu kulikuwa kwa siku moja. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi ya Kenya Bus Service, ilisema kwamba sharti la ilani ya siku 30 lililomo katika sheria nyingine, ile ya kuishitaki serikali, linamfungia mwananchi njia ya haki kinyume na kifungu cha 48 cha Katiba. Hoja ya namna hiyo ingeweza kujengwa kwangu pia, lakini ni hoja ya kubishaniwa na mawakili kwa miezi, na gharama yake ingeyameza madai yangu mara nyingi. Sikutaka kumtia deni kijana yule kwa ajili ya rimu.

Akanisimulia pia kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1788, nami nimeiweka akilini tangu siku hiyo. Mtu mmoja gari lake la kukokotwa liliharibika kwa sababu daraja katika jimbo la Devon lilikuwa bovu. Akawashitaki watu wa jimbo, wenye wajibu wa kulitunza. Majaji walimkatalia, walihofia kwamba wakimfungulia mlango mmoja, kesi zisingekwisha, wakaona heri mtu mmoja aumie kuliko umma wote kusumbuliwa. Waingereza walikaa na fikra hiyo, kwamba barabara isiyotengenezwa haimfanyi mtunzaji wake kuwa mdaiwa, hadi sheria yao ya mwaka 1961 ilipoiondoa. Mimi si mwanasheria. Lakini nilipoisikia nilitambua sauti. Ndiyo sauti niliyokuwa nikiisikia steji kila siku: ulianguka wewe, vumilia, serikali haishitakiwi kwa shimo. Nami nasema majaji wale walikosea. Anayeumia si mmoja. Ni mmoja leo, mwingine kesho, na kila mmoja anaumia peke yake kwa sababu aliyemtangulia alinyamaza.

Ilani tuliipeleka hata hivyo. Niliitaka iwe kwenye faili lao, na jina langu juu yake, na picha ya gorogoro. Walijibu kwa aya tatu: wanasikitika, madai hayawezi kushughulikiwa kwa kuwa muda wa kisheria umepita. Sikupata hata senti. Nimelipa deni la chama kwa jasho langu.

Sasa ndipo lilipo badiliko ninalolishuhudia.

Desemba 2025 niliomba nafasi kwenye mkutano wa steji. Nilisimama na daftari kubwa jeusi, nikawasomea tarehe zangu kuanzia 23 Novemba hadi 31 Oktoba, bila kuongeza chumvi. Wengine walisema ninapoteza muda wao. Mwenyekiti mwenyewe alisema polisi ni pesa na mahakama ni pesa. Nikamjibu kwamba barua ya ilani ni karatasi moja na nauli ya kuipeleka, na kwamba kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambapo mtu anaweza kujisemea mwenyewe na hukumu inatakiwa itoke ndani ya siku 60. Nikawaambia mimi ndiye mfano wa kutojua, wanitazame. Tukakubaliana kila mtu atoe shilingi 20 kwa wiki za nakala na nauli. Si wote wanaotoa.

Daftari lina kurasa za aina mbili. Kwanza ni za walioanguka: siku, saa, mahali, picha, namba ya OB, risiti, abiria ni nani, shahidi ni nani, na juu kabisa kwa wino mwekundu, siku ya mwisho ya kwenda mahakamani. Pili ni za mashimo ambayo bado hayajamwangusha mtu, na hizi ninazipenda zaidi. Mzee wa Barabara ndiye aliyezitaka. Alisema fidia ni nzuri, lakini ufa uliozibwa ni bora kuliko rimu iliyolipwa. Kwa hiyo tunapita na mkebe wetu, tunapiga picha, tunawaandikia wenye barabara barua yenye majina ya steji nzima, na nakala yetu lazima igongwe muhuri wa kupokelewa. Siku mtu akianguka pale, hawatasema hawakujua. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na mashimo manane. Matatu yamezibwa kwa lami. Matano bado, na tumeshaandika ya pili.

Kanisani nilisimama tena mwezi huo. Nilimshukuru Mungu upya kwa uhai wangu na wa yule mama, kisha nikaomba radhi kwa kusema kwamba shimo lilikuwa jaribu langu. Mama mzee alikuwa safu ya pili, kiwiko chake kina kovu. Aliitikia amina kabla sijamaliza.

Wewe unayeendesha, iwe Kasikeu, iwe Mutomo, iwe Mwingi: jua leo, ungali mzima, barabara unayopita ni ya nani. Uliza kwa barua. Ukianguka, andika tarehe siku hiyohiyo, na usingoje uchange pesa za wakili ndipo uanze.

Tarehe 10 Januari 2026 mwenzetu mmoja aliingia katika mojawapo ya yale mashimo matano. Rimu na foku, kama mimi, na kidole kimevunjika. Ilani yake iligongwa muhuri tarehe 21 Januari, siku ya 11, na nakala ya barua yetu ya Desemba imebanwa nyuma yake. Ukurasa wake daftarini umeandikwa kwa wino mwekundu: mwisho, 10 Januari 2027.